Wauza intaneti watuambie mapema kuhusu anwani za ruta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe ombi kwa kampuni zinazotuuzia intaneti ya nyumbani hapa Mtwara: mteja aelezwe kwa maandishi, kabla hajalipa, iwapo ruta anayofungiwa (kifaa cha kusambaza intaneti nyumbani) itapata anwani yake ya umma, yaani namba inayoitambulisha kwenye intaneti, au itachangia anwani na wateja wengine.

Wanaozungumza kwa WhatsApp au Zoom hawahitaji kujua hayo. Wanaohitaji ni wale wanaotumia programu zinazounganisha kompyuta mbili moja kwa moja, au seva (kompyuta inayoendesha huduma) yao wenyewe ya mikutano ya video. Ruta huwa na anwani moja upande wa nje, ilhali vifaa vya ndani hutumia anwani za faragha kama 192.168.1.10, mithili ya walimu na wanafunzi wanaopokea barua kwa S.L.P. moja ya shule, ambako barua isiyo na jina la mtu hubaki ofisini. Kwa sababu hiyo fundi huelekeza poti (mlango wenye namba unaopitisha data), yaani huiagiza ruta kwamba kinachoingia kwa poti fulani, mathalani 10000 ya UDP (mojawapo ya njia za kusafirisha data) inayotumiwa na seva ya Jitsi, programu ya mikutano ya video, kipelekwe kwenye kompyuta fulani. Kompyuta hiyo nayo lazima ipangiwe anwani isiyobadilika, la sivyo umeme ukikatika na kurudi, anwani ile yaweza kuangukia simu ya mtoto.

Kazi yote hiyo haisaidii kitu pale kampuni inapowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, jambo la kawaida hasa kwa ruta za laini ya simu. Anwani za IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, hivyo siilaumu kampuni yoyote kwa kuzichangisha. Ninacholalamikia ni ukimya. Jirani yangu hapa Shangani alimlipa fundi apange poti, akarudia kumlipa, na bado simu za video za binti yake aliyeko masomoni hazikuingia. Ukurasa wa ruta ulikuwa ukionyesha wazi anwani ya nje inayoanza na 100.72, iliyomo katika fungu la 100.64 hadi 100.127 lililotengwa mwaka 2012 kwa uchangiaji wa aina hiyo. Baya zaidi, alishauriwa afungue poti zote, ushauri ambao siku akipata anwani ya umma utaiacha kompyuta yake wazi kwa yeyote.

Msomaji anaweza kujihakikishia mwenyewe kwa kulinganisha anwani ya nje iliyo kwenye ukurasa wa ruta na ile inayoonyeshwa na tovuti za kutambua anwani. Zikitofautiana, asimwite fundi, aiulize kampuni kama inatoa anwani ya umma au IPv6, mfumo mpya wenye anwani nyingi zaidi.

Naiomba pia TCRA, mamlaka ya kusimamia mawasiliano nchini, ifikirie kuyaweka maelezo haya katika fomu ya mkataba, na bei ya anwani ya umma ibandikwe madukani pamoja na bei za vifurushi.

Mkazi wa Shangani,
Mtwara.