Mustang ya urithi: breki kwanza, injini ingoje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji wa Ohio, Marekani, aliyeuliza afanyeje na Ford Mustang ya 1966 waliyoachiwa na marehemu baba mkwe wake, ambayo yeye na shemeji zake wanataka kuigeuza gari la mbio za mzunguko. Aliyemjibu alimwambia aanze na injini: kabureta kubwa, kamshafti kali (shafti inayofungua valvu), mengine yatafuata. Hayo mengine ndiyo yanayoua watu. Gari hili lilitoka kiwandani likijua kukimbia kuliko linavyojua kusimama, na kuliongezea mbio kabla ya breki ni kumvisha mtoto viatu vya baba yake na kumtuma dukani usiku.

Kabla ya kushika spana, mwombeni mama mkwe kibali, maana gari la marehemu si la mwenye gereji. Karatasi za umiliki zibadilishwe jina, na shemeji waandikiane nani analipa nini na vyuma vya asili vitabaki kwa nani. Bima ya kawaida ya barabarani kwa kawaida hailipi ajali ya kwenye kiwanja cha mbio. Sitarudia hilo.

Kisha soma namba ya gari. Imegongwa kwenye bati la ndani ya matigadi ya mbele, upande wa dereva. Alama ya tano, ambayo ni herufi, ndiyo injini: T ni silinda sita, C ni V8 ya inchi za ujazo 289 yenye kabureta ya koo mbili na nguvu farasi 200, A ni hiyohiyo yenye koo nne na nguvu 225, na K ni ile ya nguvu 271. Ukikuta K, funika gari, tafuta bodi nyingine ya kuchezea mbio, kwa sababu likiwa kamili lina thamani kuliko kombe lolote mtakalolileta nyumbani. Tarakimu mbili zilizotangulia herufi hiyo ni umbo: 08 ni paa la turubai, 09 ni mgongo wa mteremko, 07 ni paa la kawaida. Wengi wakiona 07 hukunja uso. Sijui kwa nini. Mashindano ya Kimarekani ya Trans-Am yalipoanza Sebring, Florida, mwaka 1966, yalikuwa ya saluni zisizozidi lita 5, na Mustang zilizompatia Ford ubingwa wa watengenezaji mwaka ule na wa 1967 zilikuwa za paa la kawaida. Shelby GT350, Mustang iliyotengenezwa kwa mbio, yenye mgongo wa mteremko ilihesabiwa gari la michezo la viti viwili, ikashindana kwingine. 289 ni lita 4.7. Kwa hiyo gari la baba mkwe, lile ambalo hakuna jirani anayelionea wivu, huenda ndilo lenye haki ya kuwa pale.

Sasa breki. Masta silinda, pampu kuu ya breki, ya 1966 ina chumba kimoja tu. Hosi moja ikipasuka, pedali inazama hadi sakafuni, na mbele na nyuma vyote vimekwenda. Ford walileta ya vyumba viwili mwaka 1967. Funga ya namna hiyo, inayolingana na diski mbele na ngoma nyuma, pamoja na valvu ya kupunguza presha ya nyuma unayoweza kuirekebisha kwa mkono. Bila valvu hiyo magurudumu ya nyuma yatakwama kwanza na gari litageuka kukutazama ulikotoka.

Mbele, ngoma za inchi 10 ziondoke. Ngoma ikipata joto hutanuka na kuvikimbia viatu vya breki, nawe unazidi kukanyaga. Pale Mid-Ohio, kiwanja kilicho karibu na mji wa Lexington kaskazini ya Columbus, mizunguko mitatu ya haraka inatosha kukuonyesha hilo mwishoni mwa ule mnyoofu wa nyuma. Kuna njia mbili: diski za pistoni nne za Kelsey-Hayes, kama zile Ford walizouza kwa oda, au spindo (mhimili wa gurudumu) na diski za Ford Granada ya 1975 hadi 1980, ambazo ni rahisi zaidi na zina pistoni moja. Ukichagua za Granada, ncha za nje za tairodi nazo hubadilika, na baada ya kufunga lazima upandishe na kushusha gurudumu kwa jeki bila springi uone kama linajigeuza lenyewe. Ngoma za nyuma zikiwa nzima zinaweza kubaki.

Mabomba yote ya breki yawe mapya. Ohio humwaga chumvi barabarani kila msimu wa baridi, na bomba la chuma linaloonekana zima kwa nje huwa limeliwa pale linaposhikwa na klipu. Mafuta ya breki yawe DOT 4 au bora zaidi, kopo jipya. DOT 4 kavu huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na yakishajaa maji kiwango cha chini kinachoruhusiwa ni nyuzi 155. Yakichemka ndani ya kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski, huwa mvuke. Mvuke hubonyea, pedali inakuwa sponji. Yatoe na kuweka mapya kabla ya kila safari ya kiwanjani, hata kama rangi yake bado inapendeza. Pedi za barabarani usizijaribu. Na hosi ya hewa ya inchi 3 kutoka nyuma ya grili hadi katikati ya diski hugharimu kidogo, lakini hurefusha maisha ya pedi na beringi.

Tangi la mafuta ndilo linalonitisha kuliko yote. Fungua buti, nyanyua zulia, na ile bati unayoitazama kama sakafu ni mgongo wa tangi lenyewe, galoni 16 za Kimarekani, kama lita 60. Kati ya buti na mgongo wa abiria kuna kadibodi na sponji ya kiti. Gari likigongwa nyuma, petroli ina njia iliyonyooka ya kuingia ndani. Weka tangi la mbio lenye mfuko wa mpira ndani ya sanduku la chuma, na uzibe nyuma ya kiti kwa bati zima lililochomelewa pande zote, pasipo tundu la waya. Nguzo ya usukani nayo ni ya kipande kimoja. Ya kujikunja kwenye ajali ilikuja baadaye. Badilisha.

Keji (fremu ya mabomba ya kumlinda dereva), kiti cha mbio na mikanda vifuate kanuni za chama mtakachoshindana nacho, na kitabu chake kisomwe kabla ya kununua bomba hata mita moja, kwa maana kipenyo na unene hutegemea uzito wa gari. Mkanda wenye lebo ya SFI, shirika la viwango vya vifaa vya mbio, huisha muda baada ya miaka 2. Kofia iwe ya daraja la Snell SA, la mbio za magari. M ni ya pikipiki, haikujaribiwa kwa moto. Na gari likishafungwa keji lisitumike kupeleka watoto shule: kichwa kisicho na kofia na bomba la chuma havipatani.

Bodi ichunguzwe kwa maji. Mimina lita mbili pale kwenye matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele, kisha ingia ndani na tochi ulale chali chini ya dashibodi. Matone yakikudondokea, bati la ndani limeoza, na kulibadilisha ni kutoboa mamia ya nukta za weldi. Tazama pia reli ya mbele kulia chini ya betri, palipomwagikiwa asidi kwa miaka karibu sitini.

Halafu ile minara miwili inayobeba springi za mbele. Uzito wote wa V8 huisukuma ielekeane, na nyufa huanzia kuzunguka boliti za mkono wa juu wa saspensheni. Mustang haina chasisi ya kujitegemea. Imerithi mifupa ya Ford Falcon, sawa na Mercury Comet. Wazee wa Safari Rally wanazikumbuka Comet zilizoletwa mwaka 1964, V8 kubwa za Kimarekani kwenye tope la Afrika Mashariki, mwaka ambao ushindi ulikwenda kwa Ford Cortina GT ya Peter Hughes. Dawa ya minara hiyo Ford walikuwa nayo zamani: brekti ya kipande kimoja kutoka minarani hadi ukuta wa moto, ule unaotenganisha injini na abiria, iliyofungwa kwenye magari ya kuuzwa nje, kwetu sisi wenye barabara mbovu. Ongeza fimbo ya kuunganisha mnara na mnara. Kama fimbo haiingii kwenye matundu yake, usiilazimishe kwa nyundo. Minara imeshasogea, gari liende kwanza kwenye mashine ya kunyoosha.

Ukiwa hapo, shusha mkono wa juu. Ni kazi iliyobuniwa na Klaus Arning, mhandisi wa Ford, ikafungwa kwenye GT350 ya 1965: toboa matundu mawili mapya kila upande, inchi 1 kamili chini ya ya zamani, kwa kutumia kipande cha kupimia na si kwa macho. Kabla ya kushushwa, gari likilala kwenye kona tairi la nje hupinda kwenda nje na kutembelea bega lake. Baada ya kushushwa husimama wima. Hakuna pesa ndogo kama hiyo inayonunua mbio nyingi kiasi hicho. Springi za mbele za pauni 600 hivi kwa inchi na fimbo ya kuzuia kulala ya inchi 1 ni mwanzo mzuri. Kwenye alaimenti, anza na magurudumu ya mbele yakiinamia ndani nyuzi 2 upande wa juu, na kasta, yaani mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma, ya nyuzi 3. Nyuma, usirundike majani ya springi. Nyuma ngumu huligeuza gari haraka kuliko mikono yako. Ekseli ikirukaruka unapokanyaga mafuta, dawa ni fimbo za kuizuia isijipinde, pamoja na shokapu nzuri.

Kwenye injini, tunza kwanza ile mliyo nayo. Sampu ya kawaida, bakuli la oili chini ya injini, hubeba kama lita 4.7 pamoja na filta. Kwenye kona ndefu ya kulia, kama ile ya Keyhole hapo Mid-Ohio, oili yote hupanda ukuta wa kushoto. Ukitoka kwa kasi hukimbilia nyuma, ilhali kisima na bomba la kufyonzea viko mbele. Sindano ya presha inagusa sifuri sekunde moja tu. Sauti husikii siku hiyo. Wiki mbili baadaye beringi za koni rodi zinagonga, na fundi analaumiwa. Weka sampu ya mbio yenye mbawa pembeni na vilango vinavyofunguka upande mmoja, lita 7 au zaidi, na kabla ya kuwasha zungusha usukani mwisho hadi mwisho, kwani nyingine hugusa fimbo za usukani. Kipimo ni presha ya paundi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini, oili ikiwa ya moto. Kifimbo kinachozungusha pampu ya oili ni chembamba, robo inchi tu. Kinunuliwe kilichokazwa kwa joto.

Injini za C na A zina boliti za koni rodi za inchi 5/16 na stadi za roka (vyuma vinavyoshika mikono inayobonyeza valvu) zilizosukumwa tu kwenye silinda hedi, bila nyuzi za skrubu za kuzishika. Kamshafti kali yenye springi ngumu huzing'oa taratibu kama jino bovu. Ndiyo maana hiyo kamshafti aliyoshauriwa haifai kuanzia. Fungeni kikomo cha mizunguko 6,000 kwa dakika na mkimbie msimu mzima hivyo.

Onyo moja kwa wanaotaka giaboksi ya gia tano ya T-5, ambayo ni nzuri kama mtaihurumia gia ya tatu. Flaiwili yake, lile gurudumu zito nyuma ya injini, mkiichukua kwenye Mustang ya V8 ya lita 5.0 ya 1982 hadi 1995, itakuwa na uzito wa kusawazisha wa aunsi 50. Injini yenu ni ya aunsi 28. Boliti zinaingia sawasawa, hakuna kinachokukataza, na injini itatetemeka hadi ijipasue. Someni namba kwenye flaiwili na puli ya mbele. Zote mbili ziseme 28.

Rejeta: maji matupu na dawa ya kuzuia kutu. Viwanja na vyama vingi hukataza kizuia-baridi chenye glaikoli, kwa sababu kikimwagika lami hugeuka sabuni. Ila Ohio, msisahau kuyamwaga maji hayo kabla ya Novemba. Bloku ya injini ikipasuka kwa barafu hailipiwi na mtu.

Siku ya kwanza kiwanjani tairi zisiwe na zaidi ya miaka 6, tazameni tarakimu nne ubavuni: wiki na mwaka. Upepo paundi 30 zikiwa baridi, mpime tena zikiwa moto. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya kupimia kila baada ya kutoka. Mzunguko wa mwisho uwe wa polepole, na mkisimama msivute breki ya mkono.

Na siku mtakapotaka nguvu kweli, tafuteni injini ya V8 ya inchi za ujazo 302 ya mwishoni mwa miaka ya 1960. Inakaa palepale, nayo ni ya aunsi 28. Ile 289 ya marehemu itolewe nzima, imiminiwe oili kidogo kila silinda, plagi zirudishwe, izungushwe kwa mkono mara mbili, kisha ifungwe turubai juu ya stendi yake pembeni mwa gereji. Boliti zake zitiwe kwenye makopo yenye majina, na mama mkwe aonyeshwe yalipo.

Fundi wa magari,
Columbus, Ohio