Mabingwa wa daraja la pili wapewe muda wa kupumua

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wachezaji wa hurlingi, mchezo wa Kiayalandi wa kupiga mpira kwa fimbo, wa Kildare, kaunti ninayoishi hapa Ayalandi. Jumapili ya Juni 8, 2025 waliwafunga Laois uwanjani Croke Park wakatwaa Kombe la Joe McDonagh, ubingwa wa daraja la pili. Mwaka uliotangulia walikuwa daraja la tatu, wakabeba Kombe la Christy Ring na kupanda. Makombe mawili kwa misimu miwili, tena katika kaunti inayojulikana zaidi kwa farasi wa mbio!

Furaha hiyo ilidumu siku sita. Jumamosi ya Juni 14, hapa Newbridge, walipangiwa Dublin katika mtoano wa ubingwa wa taifa, ambamo timu zote mbili za fainali ya daraja la pili ziliingizwa kukutana na timu za daraja la kwanza, wakafungwa. Siku hiyohiyo Laois nao wakatolewa na Tipperary.

Nilikuwapo jukwaani, na tangu siku ile nasikia watu wakisema timu za daraja la pili ni wasindikizaji, hazistahili kukutanishwa na vigogo. Nakataa. Tuhesabu siku. Dublin walimaliza mechi zao za mkoa wa Leinster mwishoni mwa Mei, wakaja Newbridge wakiwa na karibu wiki tatu za kupumzika na kujiandaa. Kildare walikuja na miguu ya fainali. Na hurlingi ni mchezo wa ridhaa, hakuna anayelipwa mshahara kwa kuucheza. Baada ya fainali mwalimu anarudi darasani, fundi anarudi kwenye saiti. Ukitoa kazi, na ukitoa siku za kuuguza majeraha ya fimbo vidoleni na magotini, mazoezi ya maana yanafanyika lini?

Waliowatoa nao tuwapime sawasawa. Wiki moja baadaye Dublin, wakiwa pungufu kwa kadi nyekundu, waliwang'oa Limerick kwenye robo fainali. Tipperary wakaenda hadi mwisho wakawa mabingwa wa taifa. Aliyefungwa na hao hajaaibika.

Najua nitaletewa mfano wa Laois wa 2019, waliobeba kombe na wiki moja baadaye wakawatoa Dublin pale Portlaoise. Kweli, ilikuwa siku kubwa. Lakini tangu kombe hili lianze mwaka 2018 hadi msimu huo wa 2025, ni Laois hao peke yao kutoka daraja la pili waliovuka hatua ile. Ratiba inayovukwa mara moja tu katika miaka yote hiyo ina kasoro.

Ombi langu kwa wapangaji wa ratiba wa GAA, chama kinachosimamia hurlingi, ni dogo. Timu za daraja la pili ni sita na kila moja hucheza mechi tano kabla ya fainali. Mechi hizo zianze wiki moja mapema, na fainali isogee nazo. Itaachana na fainali ya Leinster, ambayo mwaka huo ilichezwa siku moja nayo palepale Croke Park, na hilo linaniuma, kwa sababu kijana wa kaunti ndogo kucheza huku majukwaa yakijaa ni zawadi. Basi waulizwe wachezaji wenyewe, kabla ratiba haijachapwa, kipi wanakihitaji zaidi: umati ule, au wiki moja ya kupumzika.

Msomaji wenu,
Newbridge, Ayalandi