Tini Tamu Kuliko Zote? Kwanza Tuambie Mvua Yako Inanyesha Lini

Mteja akifika kitaluni kwetu kutafuta mtini, mara nyingi ameshika jina moja alilolisikia likisifiwa. Analitaka hilo na si jingine. Sisi humrudishia maswali: mvua kwenu hunyesha miezi gani, joto hudumu kwa muda gani, utaupanda ardhini au kwenye chombo? Wengine hudhani tunawazungusha, lakini aina ileile inayotoa matunda mazito kama asali penye jua kavu, ikipelekwa penye manyunyu ya kila siku hutoa matunda yaliyopasuka na kuanza kuchachuka juu ya mti. Utamu ni wa aina na mahali pamoja.

Kabla hata ya utamu, hakikisha mti wenyewe utakuzalia. Maua ya mtini hayaonekani kwa sababu yamefungiwa ndani ya tunda, na kwa nje kuna kitundu kimoja tu kwenye kitako, ambacho wapanda mitini hukiita jicho. Aina nyingi za bustani za nyumbani hukomaza matunda bila kuchavushwa. Kundi la Smyrna haliko hivyo. Hilo linahitaji chavua kutoka kwa mtini dume, na mletaji wake ni nyigu mdogo sana aitwaye Blastophaga psenes, anayepenya kwenye jicho hilo. Asipokuwepo, matunda hufikia ukubwa wa gololi kisha yanadondoka. Wakulima wa California walilipata somo hili kwa uchungu: walipanda mitini ya Smyrna katika miaka ya 1880, na haikuwapa mavuno ya maana mpaka nyigu huyo alipoletwa na kuzoea huko mwaka 1899. Kutoka hapo ndipo jina Calimyrna lilipoanza. Ni tini nzuri mno, mbegu zake zimejaa na zina ladha ya karanga, hasa ikikaushwa. Hata hivyo, hatumuuzii mtu asiye na nyigu hao kwake, hata akitubembeleza.

Katikati ya makundi hayo mawili kuna la San Pedro, mfano Desert King. Hili huzaa mavuno ya kwanza kwenye matawi ya msimu uliopita bila msaada wa nyigu, ila ya pili huanguka yasipochavushwa. Penye majira mafupi ya joto, mavuno hayo ya kwanza ndiyo yanayowahi kuiva, kwa hiyo huko Desert King ni chaguo la busara kweli.

Sasa tuje kwenye ladha. Tini tunazozijua tunaziweka kwenye makundi matatu, ingawa mipaka yake si migumu. Lipo la asali: nyama ya rangi ya kaharabu, utamu mtulivu, ukali hakuna. Kadota, ambayo Waitaliano huiita Dottato, ndiyo mwakilishi wake, na Lattarula iko karibu naye. Lipo la sukari, lenye utamu mwingi na harufu kidogo, ambamo Celeste ndiye malkia. Na lipo la beri, lenye nyama nyekundu na uchachu mdogo unaoubana utamu usichoshe ulimi. Humo wamo Violette de Bordeaux, Adriatic, Panachée yenye mistari ya kijani na njano, na Black Madeira inayosakwa na wakusanyaji. Ukipasua Adriatic iliyoiva, ganda lake ni la kijani lakini ndani utadhani mtu amejaza jamu ya stroberi. Faida yake nyingine ni kwamba ndege huchelewa kugundua kuwa imeiva, tofauti na tini nyeusi zinazojitangaza.

Tukilazimishwa kuchagua kundi, tutachukua la beri. Huo ni ulimi wetu. Tunao wateja wanaosema ladha hiyo ni kali mno kwao, na hao tukiwapa Kadota wanarudi wakicheka.

Watu wengi hawalitazami jicho la tunda, ilhali kwa mwenye mvua nyingi ndilo lingemwokoa. Jicho likiwa wazi, maji huingia, mbawakawa wadogo huingia, na chachu huingia pamoja nao. Siku mbili baadaye tunda linanuka siki. Celeste hufunga jicho lake vizuri, na ndiyo sababu imependwa kwa muda mrefu kusini mwa Marekani ambako kiangazi kina unyevunyevu. Tunda lake ni dogo, hudhurungi yenye zambarau kwa mbali, na wengi huliona si kitu mpaka walionje. Kadota huziba jicho lake kwa tone la asali yake yenyewe. Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana nacho kilizalisha aina kadhaa kwa ajili ya joto la namna hiyo, na LSU Purple ni mojawapo. Kwa upande wa pili, Panachée na Black Madeira huhitaji msimu mrefu wa joto na ukavu. Ukiwa na mawingu na manyunyu wakati wa kuiva, usizipande kwa sababu tu umeona picha zake.

Brown Turkey inahitaji maneno yake. Huuzwa kila mahali, ni ngumu, huzaa upesi, na ikinyauka kwa baridi huchipua tena kutoka chini na kuzaa. Ladha yake ni ya wastani. Tena jina hilo limebandikwa kwenye miti tofauti: ile inayoitwa Brown Turkey kwenye mashamba ya California siyo ile ya Uingereza. Ukisikia mmoja akiisifu na mwingine akiiponda, huenda kila mmoja anazungumzia mti wake.

Kisha kuna lawama ambayo kwa kawaida si kosa la aina hata kidogo: "Tini zenu hazina ladha." Tukiuliza zilichumwa vipi, tunakuta zilichumwa zikiwa zimesimama imara kwenye shina. Tofauti na ndizi, tini haiendelei kuongeza utamu ikishachumwa. Tunda hukua, kisha hudumaa kwa wiki kadhaa mpaka mwenye mti akate tamaa, halafu ghafla hufura, hubadilika rangi na kujaza sukari katika siku chache za mwisho. Ukiwahi siku hizo umeipoteza sukari yenyewe. Subiri shingo ya tunda ilegee na tunda liiname, liwe laini ukiligusa, ganda lianze kuchanika mistari myembamba. Ukikata na utomvu mweupe ukatiririka, umewahi. Utomvu huo pia huwasha ngozi, kwa hiyo vaa glavu kama ngozi yako ni nyepesi.

Matunda ya mwaka wa kwanza yasikufanye uung'oe mti. Mara nyingi huwa ya majimaji na hayana mwili, na mti ukishaota mizizi ya kutosha ladha hubadilika kabisa. Maji mengi wakati wa kuiva huleta umajimaji uleule na kupasua maganda. Mwagilia vizuri tunda linapokua, na likianza kufura punguza, bila kuuacha mti unyauke. Mbolea yenye naitrojeni nyingi itakupa majani makubwa ya kupendeza na matunda ya kuhesabu kwa vidole. Na jua ni lazima: chini ya saa sita kwa siku, hakuna jina la aina litakalokusaidia.

Wenye udongo wa kichanga na joto, chimbueni kidogo mjue kama mna minyoofundo. Hushambulia mizizi ya mtini na kuufanya uvimbe vinundu, na mti hudhoofika polepole huku mwenyewe akilaumu mbolea. Hapo chombo ni bora kuliko ardhi. Violette de Bordeaux hukaa vizuri kwenye chombo cha lita 40 hadi 60 kwa kuwa haina tamaa ya kukua, na ladha yake haipungui kwa hilo. Black Mission ni kinyume chake: tunda lake ni la ajabu, ila mti ni mkubwa na unataka nafasi.

Mwisho, nunua mche uliotokana na kipande cha tawi, si mbegu. Mbegu haifuati mama yake, na ikitokana na tunda lililochavushwa, takriban nusu ya miche itakuwa mitini dume ambayo matunda yake hayaliki kwa raha. Kipande cha tawi lililokomaa huota mizizi kwa urahisi, na mche wake unaweza kuzaa ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu. Majani yenye mabaka ya njano ni dalili ya virusi vya mozaiki, vilivyoenea sana kwenye mitini kote duniani. Miti mingi huishi navyo na kuzaa vizuri, lakini mche uliodumaa na wenye majani yaliyojikunja, uache hapohapo mezani, hata ukiwa wa kwetu.