Kuiga sio tatizo, tatizo ni kutuuzia nusu

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu linaingia nyumbani kwangu tangu wanangu hawajazaliwa na sijawahi kuwaandikia, hata pale mlipokosea jina la kata yetu nilikaa kimya. Ila ule ukurasa wenu wa Jumamosi wa maoni ya wasomaji kuhusu The Eye of the World, riwaya ya mambo ya ajabu ya Mmarekani Robert Jordan, na ile biashara ya kuiuza upya vipande vipande, hapo uvumilivu umeisha. Nimeusoma, nimempa jirani akausoma, tumebishana mpaka chai ikapoa.

Karibu wote mliowachapa wamekomaa na jambo moja tu, kwamba Jordan kamuiga Tolkien, yule Mwingereza wa The Lord of the Rings. Vijana wa kijijini wasiojua dunia, anakuja mgeni mwenye nguvu za ajabu, viumbe vya giza vinavamia, wanatoroka usiku na mpanda farasi mweusi yuko nyuma yao, mara wanaingia kwenye mji uliokufa ambao hawatakiwi kugusa kitu, na kuna mtu anawanusa njia nzima. Sawa, yote yamo, nani amebisha. Jordan mwenyewe alishasema wazi kwamba zile sura za mwanzo alitaka msomaji ajisikie kama yuko kwa Tolkien. Sasa mtu aliyejitaja mnamkamatia nini? Na mbele kidogo hadithi inashika njia yake kabisa, nguvu za ajabu zinabaki mikononi mwa wanawake na mwanaume akizigusa anapata wazimu, hilo kwa Tolkien halipo. Aliyesema "ni kopi tupu" naona aliishia sura za mwanzo.

Tena sisi Waswahili tungekuwa wa mwisho kulalamika. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, 1952, msingi wake ni kisa cha Alfu Lela Ulela cha Abdallah bin Fadhil na ndugu zake. Kule ndugu wanageuzwa mbwa, kwa Shaaban Robert wanageuzwa manyani na Adili anawachapa usiku huku analia. Tumekisoma shule, tumekipenda, na sijawahi kusikia mtu anadai arudishiwe hela kwa sababu kisa kilianzia Uarabuni. Hadithi huazimwa tangu zamani, cha kuangalia ni aliyeazima kaifanyia nini.

Kinachoniuma mimi mmekiweka chini kabisa ya ukurasa, mistari michache kama tangazo la kupotelewa na cheti. Hiki kitabu kilitoka 1990 kikiwa kimoja, kinene, kimekamilika. Mwaka 2002 mchapaji akakipasua katikati akasema ni kwa ajili ya vijana, kipande cha kwanza akakipa jina From the Two Rivers, cha pili To the Blight, akaongeza mbele sura moja ya Egwene, msichana mmoja wa kwenye hadithi, akiwa mtoto mdogo, basi. Hiyo sura moja maana yake hata yule aliyekwisha kununua kitabu kizima mwanzo naye avutike anunue tena. Na hawakuishia hapo, 2004 kitabu cha pili, The Great Hunt, nacho kikapasuliwa vilevile. Mfululizo wenyewe, The Wheel of Time, una vitabu 14, Jordan alifariki 2007 ikabidi Brandon Sanderson amalizie, cha mwisho kikatoka 2013. Vitabu 14 havijawatosha, mpaka wavikate!

Sasa nisikilizeni yaliyonikuta. Mwanangu yuko kidato cha pili, alionjeshwa ile tamthilia ya hadithi hii iliyoanza 2021 kwenye simu ya binamu yake, akashikwa na ugonjwa wa kutaka kusoma, na mimi mzazi gani nitamkataza mtoto kusoma. Nikaenda mjini kwenye meza moja ya vitabu vya mtumba, nikakikuta From the Two Rivers, elfu nane. Nikamuuliza yule kijana, baba, hiki ni hadithi nzima? Akanijibu, "Mama, chukua, hicho kimekamilika, hakijachanika hata karatasi." Nikalipa. Mtoto akaondoka nacho likizo kwenda kwa bibi yake Ukerewe, akawa anakisoma kwenye meli, akakimalizia kule kijijini, akanipigia simu sauti imemkauka: "Mama, hakijaisha, wametawanyika tu alafu karatasi zimeisha." Aliporudi tukakichunguza vizuri. Lile karatasi la bei lilibandikwa pembeni ya jalada, tulipolibandua taratibu kwa maji ya moto chini yake ndo tukakuta maneno kwamba hii ni sehemu ya kwanza. Chini ya karatasi la bei, Mhariri! Nikaulizia duka moja la Dar kwa simu, mtu wa pale akanihesabia kwa ujasiri kabisa, cha kwanza From the Two Rivers, cha pili To the Blight, cha tatu The Eye of the World. Nikatuma hela ya viwili vilivyobaki, elfu kumi na tano na elfu ishirini, na hela ya kifurushi cha basi juu yake. Vikafika stendi, mtoto kafungua cha tatu kwa furaha, akasoma kurasa mbili, akaninyooshea bila kusema kitu. Ni kilekile. Hicho "cha tatu" ni hivyo viwili vikiwa pamoja, kitabu nilichotakiwa kuuziwa siku ya kwanza. Hela hiyo ni daftari za muhula mzima, ni sare, ni mambo mengi nyumbani kwa mtu wa kawaida wa Nyakato. Nikapiga tena lile duka la Dar, wakasema mzigo ukishatoka haurudi. Kwenye ile meza mjini kijana akasema yeye vitabu vinamjia kwenye marobota, hasomi, anapanga tu. Mchapaji naye yuko Marekani huko. Kwa hiyo kila mtu ana mlango wa kutokea isipokuwa aliyenunua.

Pale Mwaloni Kirumba mama muuza sato hawezi kukukatia kichwa leo, mkia akwambie urudi wiki ijayo, na kila upande akuchaji bei ya samaki mzima. Watamzomea mpaka afunge meza. Kwenye vitabu kwa nini tunyamaze?

Na msiniambie kugawa kitabu ni jambo la kawaida, najua. Huyohuyo Tolkien aliandika The Lord of the Rings kama kazi moja, alitaka itoke hivyo, karatasi baada ya vita ilikuwa ghali mchapaji akaitoa kwa vitabu vitatu, viwili 1954 na kimoja 1955. Lakini kila kimoja kilikuwa na namba yake na jina la hadithi nzima juu yake, na hakuna aliyekuwa amekwisha kuuziwa kizima kabla. Na hapa kwetu kuna Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe, alimaliza kuandika hadithi yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akahangaika miaka na miaka, mwisho ikatoka kwa Kiswahili 1980, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, juzuu mbili. Mzee akafariki 1981. Juzuu mbili zile ziligawanywa kwa sababu kazi ni kubwa, mtu akishika moja anajua kuna nyingine, hakuna aliyekuja baadaye akazibatiza jina jipya ili mjukuu wake auziwe upya.

Na nikishataja hilo nisiache. Mtoto wa Nansio, kulekule Ukerewe, leo anamjua Egwene na hamjui Bugonoka. Nimezunguka mjini kutafuta juzuu zote mbili za Kitereza nimpe mwanangu baada ya hasira ile, meza kwa meza, sikupata hata moja. Za Jordan zipo, nzima na nusu! Alafu kuna hizi simulizi zetu za kwenye simu, hizi za magrupu ya WhatsApp, mtu anaandika vizuri tu mwanzoni, unashikwa, ukifika msichana anafungua mlango anakuta mtu amelala chini, ITAENDELEA, tuma buku kwenye namba hii upate sehemu ya 27. Unatuma. Sehemu ya 27 ni aya nne, mlango uko palepale. Dada yangu wa Buswelu amelipia simulizi moja mpaka mwandishi akabadilisha namba, mpaka leo hajui nani alikuwa amelala pale chini. Waandishi wetu wenye kipaji wanajifunza tabia hii kwa wakubwa, wameona huko nje mchapaji mkubwa anakata kitabu na anaheshimika, kwa nini wao wasikate. Mimi sio mchoyo, mwandishi ale kwa kalamu yake, niambie simulizi nzima elfu tano nitatuma leo leo. Ila uniambie mapema.

Kwa hiyo naomba yafuatayo na naomba mchape bila kupunguza. Anayeuza kitabu kilichokatwa aandike NUSU mbele kwenye jalada, herufi zenye urefu wa njiti ya kiberiti zisipungue, wino mwekundu, na karatasi la bei libandikwe nyuma tu. Vipande viwili vifungwe pamoja kwa raba na viuzwe pamoja, bei isizidi ya kitabu kizima, na asiyekuwa na kipande cha pili asiuze cha kwanza kabla hajakipata. Na nyie gazetini mna ile kona ya nyota za wiki hakuna anayeisoma, nusu yake mtuwekee kila Jumamosi orodha fupi: kitabu hiki zamani kiliitwa hivi, sasa kinauzwa kwa majina haya. Mkianza na hiki cha Jordan nitapita ofisini kwenu hapa Mwanza na vitabu vyote vitatu na lile karatasi la bei nimelihifadhi, mpige picha viwe vimepangwa pamoja, watu waone.

Mama wa Kidato cha Pili,
Nyakato, Mwanza