Wazee wachezeshwe dansi jamani

Mhariri, naomba nafasi niongelee wazee na dansi. Mwaka 2003 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti wa wazee 469 wa Bronx, New York, wote wamepita miaka 75, na kwenye mazoezi yote ya mwili yaliyoangaliwa ni dansi tu ilioonekana kuendana na hatari ndogo ya dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri (sisemi ni dawa, hapana). Mi naona inaeleweka kabisa, maana ukicheza unakumbuka hatua, unafuata mdundo, unamwangalia mwenzio, na upweke unapungua. Sasa mbona nyumba za wazee wanawakalisha tu mbele ya TV? Wapigieni muziki wa ujana wao, hata aliye kwenye wheelchair anacheza kwa mikono!