Samaki wa Tanganyika wapimwe kwa wavu maalumu, si kwa beseni za mwaloni

Ndugu Mhariri,

Tangu Ziwa Tanganyika lilipofungwa tusivue kwa miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, hapa Kigoma swali ni moja: je, samaki wameongezeka? Mimi nashona nyavu Katonga. Wavuvi hukaa barazani kwangu wakisubiri makila yao (nyavu za kutega), na kila mtu ana jibu lake. Wa kipe (chombo cha kuvulia dagaa kwa taa na wavu) aliyerudi na beseni zimejaa anasema wapo tele. Wa makila aliyekesha na kuambulia patupu anasema tulifungiwa bure. Kinachoniuma ni kuwasikia hata viongozi, kwenye kikao, wakijibu kwa kutazama mzigo ulioshuka siku hiyo mwaloni, pale samaki wanaposhushwa.

Mzigo wa mwaloni hauwezi kutujibu. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haivuti kitu, vipe vinalala mchangani. Ukilinganisha wiki ya giza na wiki ya mbalamwezi, umelinganisha mwezi, hujalinganisha samaki. Halafu mvuvi haendi ziwani kupima, anakwenda pale aliposikia wapo. Samaki wanaweza kupungua kweli na beseni zikaendelea kujaa kwa muda.

Wavu nao unachagua. Samaki huingiza kichwa kwenye jicho, tumbo linagoma kupita, na akirudi nyuma uzi unamkamata mashavuni. Mdogo anapenya, mkubwa anagonga na kugeuka. Kwa hiyo makila ya jicho moja yanakuonyesha samaki wa rika moja tu, na wengine wote hutawaona hata kama wamejaa.

Ulaya wana wavu wa kupimia uliokubaliwa na nchi nyingi, na ningependa wavuvi wenzangu waujue. Una urefu wa mita 30 na kimo cha mita 1.5, nao umeungwa kwa vipande 12, kila kimoja mita 2.5. Jicho dogo kabisa ni milimita 5 kutoka fundo hadi fundo, kubwa ni milimita 55. (Sisi hupima jicho likiwa limevutwa, kwa hiyo hiyo 55 kwetu ni 110, zaidi kidogo ya inchi nne.) Vipande havipangwi kuanzia kidogo hadi kikubwa. Cha 55 kinashonwa kando ya cha 8, cha 43 kando ya cha 19.5. Wavu hutegwa jioni na kuteguliwa asubuhi, kisha samaki wa kila kipande wanahesabiwa, wanapimwa urefu na uzito. Hesabu hiyo haikwambii ziwa zima lina samaki wangapi. Inakwambia wavu mmoja kwa usiku mmoja umepata nini, na hapo ndipo mwaka huu unaweza kulinganishwa na mwaka jana.

Kwenye bwawa dogo kuna njia nyingine. Unavuta wavu, unakata ncha ya pezi la samaki 100, unawarudisha wakiwa hai. Baadaye ukivuta tena ukapata 50, kumi kati yao wana alama, basi bwawa lina kama 500. Tanganyika haiingii kwenye hesabu hiyo, ni kubwa mno.

Kina cha ziwa letu ni karibu mita 1,470, lakini samaki wanaishi tabaka la juu. Ukipita mita 100 hadi 200 hakuna oksijeni, na wavu utakaotegwa huko utatoka mtupu kila siku. Kwa hiyo mahali na kina vichaguliwe mapema na visibadilishwe. Dagaa wa katikati ya ziwa wanahitaji kipe cha kupimia, kitoke siku zilezile za giza kila mwaka. Kuhe na samaki wengine wa kando watapimwa kwa wavu wa vipande.

TAFIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, wana kituo hapahapa Kigoma. Ninaomba upimaji ufanyike kabla ya kila ufungaji na baada yake, wavuvi wa kila mwalo wawemo mtumbwini, na matokeo yabandikwe kwenye mbao za mialo, wavu kwa wavu, yakiwa mazuri au mabaya. Vipande vikiletwa, kuviunga na kufunga maboya nitafanya mimi bila malipo.

Mshona nyavu,
Katonga, Kigoma