Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI kuhusu shilingi 6,000 za mwanafunzi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mzazi na mjumbe wa kamati ya shule ya msingi, na naanza kwa shukrani ya dhati. Serikali ya Rais John Magufuli ilipofuta ada na michango ya lazima kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, watoto waliokuwa wakichunga mbuzi wakati wenzao wakisoma waliandikishwa. Rais Samia Suluhu Hassan ameendeleza kazi hiyo: Novemba 2021 wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito waliruhusiwa kurudi darasani, na mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na cha sita ikaondolewa. Mpwa wangu ni miongoni mwa waliorudi, na siku aliyovaa sare tena mama yake alilia.

Linalonitia wasiwasi ni ruzuku ya uendeshaji, yaani fedha ambazo serikali hutoa kwa ajili ya kuendesha shule. Kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka kilikuja na MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi) mwaka 2002, na elimu bila malipo ilipoanza kikarithiwa vilevile, shilingi 4,000 zikibaki serikalini kwa ajili ya vitabu na shilingi 6,000 zikienda shuleni, yaani shilingi 500 kwa mtoto mmoja kwa mwezi, ambazo ndani yake zitafutwe chaki, karatasi za mitihani na ukarabati wa madawati. Bei ya rimu moja ya karatasi haijasimama tangu mwaka 2002.

Hapo ndipo michango inaporudi. Mwalimu mkuu hana fungu la kumlipa mlinzi wala mpishi wa uji, kwa hiyo wazazi tunaitwa, tunakubaliana, na mchango unaandikwa kuwa wa hiari. Lakini nimemwona mtoto akiinamisha kichwa mstarini jina lake liliposomwa miongoni mwa wasiotoa, na sikuona hiari yoyote pale.

Naomba, Mheshimiwa, kabla ya bajeti ijayo ofisi yako ipige hesabu ya gharama halisi ya kumsomesha mtoto mmoja kwa mwaka, ilete hesabu hiyo bungeni, na kiwango cha ruzuku kipandishwe kwa kuifuata. Naomba pia usomaji wa majina ya wasiochanga mbele ya wanafunzi upigwe marufuku kwa maandishi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi na mjumbe wa kamati ya shule